Sauti ya Mtoto Nyumbani kwa Bwana Kuzuhara

"Mama Ibuki, yule jirani yako ana mtoto mle ndani."

Bi Tokunaga aliyasema hayo mlangoni, ubao wa matangazo ameukumbatia kifuani. Mwaka huo zamu ya kuongoza ghorofa yao ilikuwa yake. Ubao ulipaswa kupita mlango hadi mlango, kila mtu asome, agonge muhuri wake, ampe wa pili. Lakini Bi Tokunaga alipenda kuupeleka kwa mkono wake mwenyewe, maana mengine hayaandikiki ubaoni.

"Mtoto gani tena?" Chizuru akauliza. "Si anaishi peke yake?"

"Hilo ndilo ninalokwambia! Mwanamume mtu mzima, hana mke, hana kazi ya kueleweka, mapazia yamefungwa kutwa. Na magodoro yake, umewahi kuyaona yameanikwa?"

Chizuru akafikiri. Katika majengo yao, jua likichungulia tu, kila baraza la ghorofani lilining'inizwa magodoro mepesi ya kukunja, yamebanwa kwa vibanio vikubwa, na wanawake wakiyapiga vumbi huku wakisemezana. Baraza la Bwana Kuzuhara lilikuwa tupu tangu alipohamia.

"Mtu asiyeanika godoro ana jambo lake," Bi Tokunaga akaendelea. "Na Bi Hosaka wa juu kamsikia huyo mtoto. Eti analalama, 'Sijaelewa, sijaelewa.' Wewe ndiye uliyepakana naye ukuta. Hujasikia kitu?"

"Sijasikia," Chizuru akasema.

Alikuwa amesikia. Alasiri moja alikuwa akisukumia magodoro yao ndani ya kabati la ukutani, kichwa chake kimezama humo, ndipo sauti nyembamba ikatoka upande wa pili. "Subiri kwanza! Sijaelewa. Kwa nini iwe hivyo?" Kisha sauti nzito ya mwanamume, ya polepole. Kisha ile nyembamba tena. Chizuru aliuvuta mlango wa kabati ukafungika, akaenda kuwasha mashine ya kufulia ingawa nguo zilikuwa chache. Alijiambia ni mpwa wake, kaja kutembea. Lakini tangu siku hiyo hakuona kiatu cha mtoto mlangoni kwa Kuzuhara, wala soksi ndogo kwenye kamba yake. Mtoto gani huyo asiyetoka nje kucheza na theluji?

Alinyamaza kwa sababu aliogopa. Kulisema jambo hilo ni kulifanya liwe kweli, na ukuta ule ndio uliotenganisha jambo hilo na binti yake, aliyeshinda nyumbani peke yake kila siku.

Ibuki alikuwa na miaka tisa. Tangu majira ya mvua hakuwa ameingia darasani. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Kila asubuhi alivaa mkoba, akafika penye viatu, akainama, na hapo tumbo likamkamata mpaka uso ukageuka rangi. "Shule inanibana kifua, Mama," ndilo pekee alilolisema. Baba yake aliendesha malori ya mbali, akija Jumamosi. Chizuru alifanya kazi ya asubuhi kwenye jiko la kupakia vyakula vya boksi, na kila alipotoka aliacha matonge ya wali yaliyofungwa mwani, na onyo lilelile: usimfungulie mtu.

Kilichomwokoa Ibuki ni tableti. Humo alikuwa ameyapata masomo ya bure, ya kila aina: hesabu, historia, wadudu, nyota, namna ya kuandika barua, hata namna ya kupima chumvi ya supu. Uso wa mwalimu haukuonekana. Ilionekana mikono miwili tu juu ya karatasi, ikipanga maharage. Ibuki alivaa hedifoni, akacheka peke yake, akaandika. Chizuru alipoona amerudi kushika penseli, alikwenda bafuni akalia, kisha akatoka na kuendelea kumenya figili. Hakuuliza masomo yale ni ya nani. Yeye mwenyewe shule aliipita akiwa ameinamisha kichwa, na Ibuki alipomletea swali la hesabu, jibu lake lilikuwa moja: "Mngoje baba yako."

Siku tatu baada ya maneno ya Bi Tokunaga, Chizuru alirudi kutoka kazini theluji ikigeuka mvua. Alipita kwenye ujia wa nje kichwa kikiwa chini, akitafuta funguo mkobani. Hazikuhitajika. Mlango wao ulikuwa wazi kidogo.

"Ibuki?"

Tableti ilikuwa mezani, hedifoni zimelala kando, tonge la wali limeng'atwa mara moja. Buti za Ibuki hazikuwepo. Aliangalia chooni. Aliangalia bafuni, akafunua hata kifuniko cha beseni la kuogea. Akaenda barazani, akainama kutazama chini, na alichokiogopa kukiona chini hakikuwepo. Akalifungua kabati la magodoro, labda amejificha humo.

Ukuta ukasema, "Sijaelewa. Rudia."

Safari hii haikuwa ile sauti nyembamba. Ilikuwa ya Ibuki.

Hakukumbuka baadaye alivyotoka. Alijikuta kwenye ujia wa nje na soksi zake zimelowa. Mlango wa Kuzuhara, baada tu ya kona ya ujia, ulikuwa wazi kabisa, umezuiliwa kwa ndoo, upepo wa baridi ukiingia ndani hadi mwisho. Ibuki alikaa kizingitini, koti limefungwa mpaka kidevuni, miguu yake nje. Huko mwisho kabisa, mgongo umegandamana na ukuta na viganja vimefunuliwa juu ya magoti, alikaa mwanamume mkubwa mwenye mvi.

"Sijamsogelea," alisema upesi. "Mama, sijamgusa. Nimemwomba arudi kwenu, amekataa. Nikaona niache mlango wazi."

Chizuru alimnyakua binti yake, akamfunika kwa mikono yote miwili. "Na yule mwingine yuko wapi?"

"Mwingine?"

"Mtoto! Anayelalamika humu! Nimemsikia kwa masikio yangu!"

Milango ikafunguka huku na huku. Bi Tokunaga alikuja akiburuta ndara, simu mkononi. "Niwapigie polisi? Mama Ibuki, sema neno moja tu, nabonyeza!"

"Mama, ni yeye mwenyewe," Ibuki akasema kutoka kifuani kwake. "Mwalimu, waonyeshe."

Bwana Kuzuhara akawa mwekundu hadi masikioni. Alishika koo lake, akafumba macho, na kutoka katika mwili ule mkubwa ikatoka sauti ya kitoto: "Subiri kwanza, Mwalimu! Sijaelewa!"

Chizuru akamvuta Ibuki nyuma.

"Mama yangu wee," Bi Tokunaga akanong'ona. "Afadhali angekuwa mtoto kweli."

Mwanamume akanyoosha mkono, akausukuma mlango wa kabati lake bila kuinuka. Humo magodoro yalikuwa yamesimamishwa pande zote kuzuia kelele, na katikati palikuwa na taa, kigoda, karatasi na bakuli la maharage. Chizuru aliyatambua maharage. Akaiangalia mikono iliyokuwa juu ya magoti, akaitambua nayo.

Bwana Kuzuhara alizungumza akitazama sakafu. Alifundisha shule ya milimani. Watoto walikuwa saba, wakawa watatu, akabaki mmoja. Walimu wengine wakahamishwa, yeye akafundisha kila kitu, hesabu na kuogelea na kupika. Mtoto yule mmoja alikuwa mtu wa maswali, hakubali kitu mpaka kigeuzwe pande zote. Alipomaliza, shule ikafungwa, na Kuzuhara akapelekwa mjini, darasa la watoto thelathini na wanne. "Nilikuwa nikifika getini, kifua kinabana," alisema. Ibuki akageuza kichwa kumtazama. "Nikaacha. Nikafikiri, wapo watoto waliokaa nyumbani kama mimi. Nikaanza kuwawekea masomo, bure, yote ninayoyajua. Lakini pasipo mtu wa kuuliza, somo linapita tu. Kwa hiyo nauliza mwenyewe."

"Kwa sauti hiyo," Bi Tokunaga akasema.

"Kwa sauti hiyo."

"Mama Ibuki, nipige au nisipige? Vidole vinaganda."

Kila mtu akamtazama Chizuru. Moyo wake haukuwa umetulia hata kidogo. Alimwona mwanamume mgeni, kabati, na mtoto wake aliyetoka bila ruhusa, na hakujua kama macho yake yanaona kweli au yanaona anachokitamani. Kama angekosea, mwili wa Ibuki ndio ungelipa. Akaitazama tena ile ndoo mlangoni. Mtu mwenye nia mbaya hafungui mlango wote kwenye baridi namna hii.

"Usipige," akasema.

"Na kama umekosea?"

"Nitakuja kukwambia mwenyewe, Bi Tokunaga. Usipige."

Bi Tokunaga alitia simu mfukoni, akasita, akarudi hatua moja. "Bwana, jua likitoka uyaanike hayo magodoro. Watu wana presha."

"Nikiyaanika nitafundishia wapi?"

"Utajua wewe!" Ndara zikaondoka, zikiwa na mengi ya kupeleka.

Ibuki alijichomoa mikononi mwa mama yake, lakini hakuachia kidole chake. "Nilikuja kumwambia sauti inatisha. Nilimsikia ukutani kabla somo halijatoka, nikajua ni yeye. Na wenzangu wanaandika hivyohivyo chini ya video."

"Kuna mmoja ameacha kabisa kuangalia," Bwana Kuzuhara akasema. "Anaota ndoto mbaya. Binti yako ameniomba awe yeye anayeuliza. Nimekataa. Sitatumia sauti ya mtoto wa mtu." Kwa mara ya kwanza akainua macho, na macho yale yakatua juu ya Chizuru.

Chizuru alikijua kinachokuja. Ndivyo macho ya mwalimu yalivyopita juu ya madawati zamani, yeye akijikunja ili yampite.

"Mama Ibuki, Jumatatu naanza somo la sehemu, nusu na robo na theluthi."

"Mimi sehemu sizijui, Mwalimu." Hakuwahi kulisema hilo mbele ya mwanawe. "Sikuzielewa kamwe."

"Ndiyo maana nakuomba wewe," alisema, akainamisha kichwa mpaka paji likakaribia sakafu. "Ukae kwenu, kwenye kabati lako, na simu, mimi niwe huku kwangu. Usisome chochote kabla. Nitakapokupoteza, usinyamaze kwa heshima. Nakuomba sana, unisimamishe, useme hujaelewa."