Utepe wa Mwisho wa Juma la Kipaimara

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1978, nilikabidhiwa tambara na mafuta ya taa nisafishe herufi za risasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji Bukoba. Msimamizi akaniambia, "Kijana, wino ukijaa kwenye shati lako kuliko kwenye karatasi, hiyo si kazi, ni hasara." Neno hilo nililishika. Nikajisomesha hadi Dar es Salaam, nikapata diploma ya uchapaji, na niliporudi Karagwe sikumjua mwingine aliyekuwa nayo. Nasema wazi, maana niliitolea jasho.

Miaka ya tisini nilikuwa chini ya Meneja wa duka la picha pale Kayanga. Alikuwa na mashine ya kuchapa kwa joto: unapiga kwa kamera ya video, kisha kichwa cha mashine kinapata moto na kuhamisha wino kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi maalumu. Utepe una vipande vya njano, nyekundu na buluu vinavyofuatana. Kila picha hula kipande kizima cha kila rangi, hata kama ina mtu mmoja mwembamba tu. Wino uliobaki hautumiki tena.

Na watu wetu hawapokei picha isiyoonyesha viatu. Basi kila mteja alisimama mbali, wima, na pande zote mbili tukawa tunachapa shuka tupu lililotundikwa nyuma yake.

Juma la kipaimara tukabaki na utepe mmoja uliokonda. Mwingine ulikuwa bado Nairobi. Familia za vijiji vya Igurwa, Rugera na Chonyonyo zilishaahidiwa.

"Bwana Diploma," Meneja akasema, "mtoto mmoja akikosa picha, mashine naiuza, nawe ukapalilie migomba."

"Migomba itanisubiri, mzee."

Nikawasimamisha watoto wawili wawili, nikiacha nafasi katikati ya kupitisha kisu. Mambo yakaenda, mpaka omukaikuru mmoja, bibi kizee wa Igurwa, alipoona picha ikitoka: mjukuu wake kavaa shati jeupe, kando yake binti wa watu kavaa gauni jeupe na shela.

"Mawe, mama yangu! Nimemleta kwa Roho Mtakatifu, ninyi mnamwoza?"

"Shikamoo, mama. Tunawatenganisha sasa hivi."

"Marahaba. Harusi gani hii isiyo na rubisi, pombe yetu ya ndizi?"

"Na mimi binti sijamtoa!" akadakia baba wa msichana. Foleni ikacheka, lakini wazazi wengine wakaanza kuwavuta watoto wao. Nikaona kazi yangu inapotea.

Nikaikata picha mbele yao. Kila nusu ikawa kamili, viatu na vyote. Bibi akaitazama yake, akaiweka kifuani. Tangu hapo nikapanga wavulana kwa wavulana, wasichana kwa wasichana, na foleni ikatulia.

Mwishoni akabaki msichana mmoja, na utepe wa picha moja.

"Mama," nikamwita yule bibi, "njoo usimame hapa, wino usipotee."

"Peku?"

Meneja akavua viatu vyake, akamvalisha. Njano ikapita, nyekundu ikapita, buluu ikapita, utepe ukaisha. Nilishusha pumzi ambayo naisikia mpaka leo. Meneja, akiwa na soksi tu, akasema, "Migomba ipaliliwe na wengine."

Nimestaafu sasa. Wajukuu wananionyesha picha zao, nami kila nikiona weupe mwingi pembeni, nawauliza ni nani hamkumwita asimame pale.