Kinyozi Atafuta Kikundi Kisichomjua

Yule kinyozi alikuwa hodari wa visingizio. Hata viatu hajavaa, tayari ana sababu tatu za kutofanya jambo lolote utakalomwambia. Mkewe alizichoka. Wiki mbili zilizopita alihamia kwa dada yake, akamwachia neno moja tu: "Siku utakayokaa kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe, toka kinaanza mpaka kinaisha, nitarudi. Vinginevyo usinipigie hata simu."

Basi kinyozi akaanza kutafuta kikundi. Na alivyochagua sasa! Mtu aliyewahi kunywea kikombe cha kunyolea, povu likiwa bado limo, leo anatafuta kikundi cha hadhi yake. Hata yeye mwenyewe alijicheka, lakini sharti lake halikubadilika: asikutane na mtu anayemjua.

Cha kwanza kilikutana kwenye zahanati ya mbali. Mama mmoja mwenye miwani akampokea vizuri. "Karibu kaka. Umekuja kwa ajili yako?"

"Hapana, nimemsindikiza rafiki."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Wakamwekea rafiki kiti. Kinyozi akakaa kando ya kiti kile kitupu dakika kumi nzima, watu wakikitazama kwa huruma, kisha akaaga kwamba anakwenda kumtafuta. Mpaka leo hajampata.

Cha pili kilikutana kwenye darasa la watoto wadogo, madawati mafupi, magoti yakamfika kidevuni. Watu walizungumza kwa zamu. Zamu ilipobakiza mtu mmoja imfikie, kinyozi akapanda juu ya meza, akagusagusa taa, akasema yeye ni fundi umeme. Jamani wakamshukuru! Wakamwomba aitazame na swichi ya ofisini. Aliitazama. Sasa taa ya huko haiwaki kabisa.

Kesho yake akajikaza akampigia mkewe. "Nimekwenda vikundi viwili, mama watoto. Havinifai."

"Vina nini?"

"Watu wa kule ni walevi kwelikweli."

"Jumanne nakupeleka mwenyewe," mkewe akasema, "kama mtoto wa chekechea. Hicho cha mtaa wenu. Ukitoroka na hicho, basi tena."

Cha mtaani kwao ndicho alichokikwepa toka mwanzo. Kilikutana kwenye ghala la duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya mifuko ya saruji. Mkewe alikaa nje mlangoni, amekunja mikono. Kinyozi akaingia kwa kunyata, akajibanza kwenye kiti cha nyuma kabisa ili asionekane. Mpango ulikuwa mzuri sana, ila alisahau kwamba kinyozi huwajua watu kwa nyuma. Miaka kumi na tisa anatazama visogo!

Ile shingo yenye mikunjo miwili, fundi viatu. Kile kichwa chenye kovu dogo juu ya sikio, mwalimu mstaafu, na kovu lenyewe alimtia yeye. Yale masikio yaliyosimama, dereva wa lori. Lo! Wote wateja wake, na wote walimhama mwaka huu, mmoja mmoja. Alikuwa ameapa kwamba wameibwa na kinyozi mpya wa stendi, hata salamu alikuwa hampi tena yule maskini.

Fundi viatu akageuka. "Aa, kinyozi! Karibu bwana. Umechelewa, lakini karibu."

"Kumbe ndiko mlikokimbilia?" kinyozi akasema, kwa hasira ya mtu aliyefumaniwa. "Mkono wangu una kasoro gani?"

"Mkono wako hauna neno, mdogo wangu," mwalimu mstaafu akamjibu. "Tulikimbia chupa iliyo nyuma ya kioo chako. Kila ukimaliza kunyoa unatumiminia kidogo, eti zawadi ya mteja mzuri. Nilipoamua kuacha, kitu cha kwanza kuacha kilikuwa kiti chako."

"Hata mimi," akasema dereva.

"Na mimi," akasema mwingine kule mbele.

Aibu ikampanda kinyozi mpaka masikioni. Alitafuta kisingizio, akakikosa, na kwake hilo lilikuwa jambo geni. Siku zote alijiambia kwamba anakunywa chake na hamdhuru mtu. Kumbe nusu ya viti hivi vimejazwa na yeye. Akasimama.

"Mimi ni mlevi," akasema. "Na nyinyi niliwanywesha. Nisameheni."

"Tumekusikia," mwalimu akasema. "Kaa sasa, bado nusu saa."

Akakaa. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko miaka yake yote ya kazi, lakini hakutazama mlango.

Alipotoka, mkewe alisimama. "Umekaa mpaka mwisho?"

"Nimekaa."

"Ukasema nini?"

"Nimesema mimi ni mlevi."

"Nao wakasemaje?"

"Hakuna aliyeshangaa," kinyozi akasema. "Hata mmoja."

"Wangeshangaa nini?" mkewe akasema, akamshika mkono, wakashika njia ya nyumbani. "Ulikuwa umebaki wewe tu kujua."