Leseni Yangu Imekwisha, na Mume Wangu Hataki Nipate Nyingine

Habari zenu wapendwa. Admin, nifichie jina tafadhali, maana kisiwa chetu ni kidogo na wanaonijua ni wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Mngazija wa Komoro, nimeolewa hapa Mafia na tunaishi Kirongwe. Nina watoto watatu, wote wamezaliwa huku. Mume wangu ni mfanyabiashara wa nazi, mtu anayeheshimika. Hajawahi kunipiga wala kuninyima chakula. Nalisema hilo mapema ili msije mkamtukana.

Kwetu baba yangu alikuwa dereva wa teksi, na alinifundisha kuendesha gari kabla sijajua kupika wali ukaiva. Nilikuja huku na leseni ya kwetu. Mume wangu akaniachia pikapu yake, tena akawa anajisifu kwa wenzake kwamba mkewe anaendesha. Taratibu wanawake wa Kirongwe wakaanza kunitegemea. Mwenye mtoto ana homa, mwenye mama wa kupelekwa kliniki, akipiga hodi navaa baibui langu, tunakwenda Kilindoni. Waliokuwa wakikicheka Kiswahili changu ndio hao wakaanza kuniita dada.

Kisha leseni ikaisha muda wake. Ile ya kwetu siwezi kuihuisha mpaka niende mwenyewe, na niliambiwa mgeni akitaka ya hapa lazima awe na kibali cha ukaazi kilicho hai. Kwa mke kama mimi, mume ndiye mdhamini. Pasipoti na kibali changu anavitunza yeye. Kila nikimkumbusha ananijibu tutakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo kuna mzigo wa nazi. Mara kuna msiba. Mara Ramadhani imeingia. Nikaacha kuendesha.

Siku moja alasiri, mume wangu yuko Dar, wifi yangu ambaye ni mdogo wake akashikwa na uchungu, na damu ikaanza kumtoka kabla ya wakati. Mama mkwe alikuja kwangu akanishika mkono, akanivuta nje. Nikachukua ufunguo.

Tunakaribia Kilindoni, trafiki akatusimamisha. Nilimpa ile leseni iliyokwisha. Akaitazama, akamtazama wifi aliyelala kiti cha nyuma, akaniambia nisogee upande wa pili. Akashika usukani yeye mwenyewe mpaka hospitali. Wifi alijifungua salama, mtoto wa kike. Yule askari alinisubiri nje, akaniambia kwa upole kwamba safari hii amenisamehe, ila nije na mume wangu na kibali changu nishughulikie leseni, kwani siku nyingine huenda nikamkuta mwenzake.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Alishukuru kwa ajili ya dada yake, alishukuru kwa dhati. Nikamwomba kibali. Hapo akaniambia kibali kilikwisha zamani na yeye hakukihuisha. Nikadhani alisahau. Akasema hapana, hakusahau. Kaka yake aliwahi kuoa mgeni kama mimi, na siku moja yule mwanamke alipanda ndege na watoto akarudi kwao. Hadi leo kaka mtu anawaona wanawe kwenye simu tu. Mume wangu akasema kadiri alivyoniona naendesha, najulikana kila mahali, naingia na kutoka, ndivyo alivyozidi kuogopa.

Kumbe muda wote huo nimekuwa nikiishi hapa kinyume cha sheria na mwenyewe sijui. Nikamwambia nitakwenda uhamiaji nikajieleze.

"Nenda, sitakuzuia," akasema. "Lakini wakikurudisha kwenu, watoto ni Watanzania. Watabaki na mimi."

Hakupaza sauti. Alipomaliza akaomba maji ya kutawadha, akaenda kuswali.

Tangu siku hiyo ufunguo wa gari anatembea nao, na mizigo yake anaendeshewa na dereva wa kuajiriwa. Mimi nikiona askari sokoni nageuza njia, hata kama ni yule aliyetusaidia. Mwezi uliopita jirani alinijia na mwanawe anapumua kwa taabu. Nikamwambia siwezi kumpeleka, na gari lipo uani analiona. Alinitazama, akaondoka kutafuta bodaboda. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini yule mama hanisalimu tena. Nitamweleza nini? Nimwambie nami nimefungwa humu humu ndani, wakati ananiona nimekaa barazani na khanga mpya?

Juzi mama mkwe aliniita chumbani kwake. Alishajua yote, mwanawe alimsimulia mwenyewe. Akaniambia yuko tayari kufuatana nami uhamiaji, awaeleze kwamba mimi ni mkwewe halali na sikujificha.

"Ila ujue, mwanangu," akasema, "nikienda na wewe, nimemshitaki mtoto niliyemzaa."

Alilia, nami nikalia.

Jumatatu mume wangu anasafiri tena. Mama mkwe anasubiri neno langu. Mimi sina nia ya kuwatorosha wanangu, na baba yao bado nampenda, ndiyo maana naumia hivi. Sasa nyinyi mnaojua mambo ya vibali, na nyinyi mlioolewa ugenini kama mimi, nawauliza kwa unyenyekevu. Niende na huyu mama, nikijua naweza kuingia ofisini nikiwa na watoto watatu na kutoka sina hata mmoja? Au nikae hivi hivi, nilee wanangu huku nikijificha kila nionapo askari? Nishaurini ndugu zangu, Jumatatu nifanye nini?