Sentensi Niliyokataa Kuitafsiri

Wengi wenu mlikwisha kusikia msikitini kwamba dada yetu wa mtaa wa Agincourt hapa Kanada, yule aliyekuwa akitunza wazee majumbani kule Markham, ametutoka wiki iliyopita. Hatukuwa marafiki wa karibu. Tulikutana kwenye misiba na sikukuu, tukajuliana hali, basi. Lakini kuna alasiri moja niliyokaa naye ambayo hadi leo inanifanya nimstaajabie kuliko wakubwa wote ninaowafahamu.

Binti yake aliletwa Kanada akiwa na miaka sita. Alisoma hapa, akawa wa kwanza darasani, na chuo kikuu kikamkubali. Kisha ikaja barua ya kudai hati za ukaazi, ambazo familia haikuwa nazo, kwa kuwa viza waliyojia ilikwisha muda zamani. Bila hati angelipa ada ya mgeni, tena bila mkopo wala msaada wowote. Binti akaenda kufungasha mikate kiwandani North York. Mwaka uliofuata, walimu na wanafunzi waliishinikiza kamati ya udahili hadi ikakubali kuwasikiliza wazazi wa vijana wasio na hati, nami nikaombwa kutafsiri.

Mjumbe mmoja alisema kwa upole kwamba suala ni gumu, maana chuo hakina hata hakika kama wanafunzi wa aina hiyo wapo. Dada akajibu kwa Kiswahili kwamba wapo, na kwamba yeye na binti yake wanaishi nchini bila karatasi. Niliingiwa na hofu. Ukumbi ulijaa watu nisiowajua, na mlangoni alisimama mlinzi. Nikatafsiri kwamba wapo, nikaishia hapo.

Akanigeukia. “Kaka, hujamaliza.”

Nikamnong’oneza kwamba wanaweza kurudishwa kwao.

“Najua. Tumeshazungumza nyumbani. Wewe sema.”

Sikuweza. Basi akainuka, na binti yake, aliyekaa kando yake, akainuka pamoja naye. Akaisema mwenyewe kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, neno moja moja: “Mimi na mwanangu hatuna karatasi. Tupo. Mnatuona.”

Yule mjumbe akavua miwani, akawaomba waketi, kisha akaanza kumuuliza binti kuhusu masomo yake.

Hakuna aliyekuja kuwakamata. Chuo nacho hakikubadilika siku ile. Ilichukua miaka miwili ya vikao kabla ya kufungua nafasi chache kwa wasio na hati, kwa ada ya wenyeji na msaada kidogo wa masomo. Binti aliingia na kundi la kwanza. Hati zao zilipatikana baadaye sana, na leo anafundisha hisabati sekondari.

Miaka yote hii nimeandika safu hii gazetini nikijiona msemaji wa wanyonge. Alasiri ile nilitambua kwamba ukimya wangu, ingawa ulitokana na huruma, ungemfungia binti yule mlango sawasawa na kanuni za chuo. Mtu akishapima hatari yake mwenyewe na kuamua kusema, kazi yetu ni kuhakikisha maneno yake yanafika yote.