Lori la Kifusi la Mama

Harufu ninayoikumbuka ni ya tope lililopigwa na jua baada ya mvua, imechanganyika na ya majani ya nduma. Nyuma ya nyumba yetu ya mabati huko mtaani Lucky Summer kulikuwa na kinamasi, na mama alipanda nduma, yale magimbi ya majini, humo tangu kabla sijazaliwa. Aliingia asubuhi, gauni amelifunga kiunoni, maji yakimfika magotini, na akitoka tulijua tutakula nini na ada ya shule itatoka wapi. Usiku vyura walipiga kelele hadi baba akawatukana kama majirani. Nani angedhani ningekuja kuwatamani vyura!

Kilichomchosha mama ni njia. Kila Jumapili alivaa malapa hadi kioski cha barabarani, akanawa miguu, akamwachia mwenye duka malapa yenye tope na kuvaa viatu vya kanisa. Wanawake wote wa upande wetu walifanya hivyo, na kanisani tuliitwa watu wa matope. Basi msimu mmoja wa mvua, lori la kifusi lilipopita likitafuta pa kumwaga, mama ndiye aliyelisimamisha.

“Dere, mwaga hapa kidogo tu, tupate pa kupitia.”

“Mathe, nitakumwagia mpaka uchoke,” dereva akajibu akicheka.

Kesho yake alirudi, keshokutwa akaja na wenzake. Walipita juu ya njia ya mama, wakamwaga mbele yake, kisha mbele zaidi. Sisi watoto tulishangilia kila lori, na mama akawapikia madereva chai. Kabla mvua hazijaisha, kifusi kilifika kwenye nduma. Mama alikimbia akasimama mbele ya lori, mikono juu, akaambiwa shamba lina mwenyewe na si yeye. Alizing’oa nduma zikiwa changa, nasi tukazila hivyo hivyo, zikituwasha koo.

Leo pale pana ghorofa, na mimi na mama tumepanga chumba cha chini kabisa. Mvua ndefu zikianza, maji hayapiti mlangoni. Yanatoka sakafuni, polepole. Nimechoka kuyachota, kwa kweli nimechoka. Wiki iliyopita keateka, msimamizi wa jengo, alituita uani akatangaza kwamba mwenye nyumba amesikia kilio chetu: analeta kifusi, ua uinuliwe.

“Hiyo sasa ni poa!” wakasema wa ghorofa za juu, wakapiga makofi.

Ua ukiinuka, sisi wa chini ndio tutakaobaki shimoni. Mama aliingia ndani akaanza kusukuma matofali chini ya miguu ya kitanda chake, nami nikamshikia kitanda.