Wimbo wa Kukusanya Watu

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kasulu, nilikabidhiwa betri ya gari, kipaza sauti chenye mdomo mpana na kisanduku cha kinanda cha santuri, nikaonywa nisimruhusu mtu yeyote kukigusa, hata akiwa padri. Ilikuwa miaka ya sabini. Nyinyi mnaotangaziwa mambo kwenye simu hamtaijua kazi hii. Gari linafika gulioni, mtu wa kinanda anapiga muziki, watu wanakusanyika, muziki unazimwa, halafu mkubwa anasema alilotumwa kusema. Mimi nilikuwa mtu wa kinanda.

Mkubwa wetu tulimwita Bwana Maendeleo, mtu mrefu mwenye hasira za karibu. Mwanzoni nilipiga muziki wa dansi. Watu walicheza mpaka vumbi likatimka, na nilipozima wakanizomea. Tangazo la chanjo ya ng'ombe halikusikika.

"Wewe," Bwana Maendeleo akaniuliza, "nimekutuma ukusanye watu au uwafungulie baa?"

Aliporudi kutoka likizo Dar es Salaam alileta santuri ndogo, ile yenye wimbo mmoja kila upande. Ulikuwa wimbo wa Kizungu, wa polepole. Mwanamume aliimba kama mtu aliyemaliza kulia sasa hivi, na wanawake wakamwitikia kwa nyuma. Kinanda kilikuwa na spidi mbili. Ukikosea ukaweka ya santuri kubwa, yule bwana alikuwa ananguruma kama fahali. Ukiweka sawasawa, gulio zima lilisimama kimya.

Kila mtu alikuwa na lake kuhusu wimbo huo. Mwenye duka la vitambaa, mzee wa Kiislamu mwenye ndugu zake Tanga, alisema, "Huyu kapenda, tena kapenda vibaya." Wanakwaya walisema ni wimbo wa kanisa. Muuza chumvi mmoja alisisitiza kwamba mwimbaji amefiwa na mama. Mimi Kiingereza changu kiliishia kwenye maandishi ya betri, basi nikamkubalia kila mmoja.

Kisha nikahamishiwa Kibondo, chini ya Bwana Maendeleo mwingine, mpole, asiyepandisha sauti hata kidogo. Santuri nikaja nayo. Kazi sasa ilikuwa kuwatangazia watu watoke kwenye mashamba yao ya vilimani waje kuishi pamoja kando ya barabara. Kila kijiji tulikwenda mara tatu: kutangaza, kutaja siku, na siku yenyewe ya kuhama. Mara zote tatu nilipiga wimbo uleule. Mtu wa kinanda huangalia sindano isiruke, haangalii watu. Huo ndio utetezi wangu, na sijui kama unatosha.

Hapo Kibondo nikampenda Domitila, aliyekuwa anajifunza kushona misheni. Kwao ni Nyabibuye, ila familia yake ilipohamishwa yeye hakuwapo. Nilimpenda hasa. Nikipiga ile santuri ofisini kujaribu betri, nilimwona yeye tu, na nikaamini kabisa kwamba yule bwana ananisemea mimi.

Kwa hiyo siku ya kupeleka posa niliomba ruhusa, nikabeba kinanda hadi kwao, kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Wazee wamekaa, pombe ya ndizi imemiminwa, shangazi yake anapika maharage uani. Nikasema nina zawadi ndogo kwa ajili ya binti. Nikaweka sindano.

Shangazi alikuwa wa kwanza. Aliepua chungu, akamwaga maji motoni. Jirani akafungua mbuzi kwenye kigingi, mwingine akaanza kukunja mikeka. Hakuna aliyepiga kelele. Nilidhani ni desturi ya kwao ya kupokea posa, nikaendelea kutabasamu. Mungu anisamehe, niliongeza na sauti.

Baba yake Domitila hakuinuka. Aliniuliza taratibu, "Ni wapi tena, mwanangu?"

"Wapi nini, baba?"

"Tunakwenda wapi? Migomba yangu niliiacha kule juu. Hii hapa haijazaa bado. Niambie tu ni wapi."

Domitila alitoka ndani, akaniangalia, akaangalia kinanda. "Kizime," akasema.

Nikazima. Nikaapa kwamba hakuna anayehamishwa. Nani angeniamini? Mzee akasema binti yake hatampa mtu anayetembea na kitu kile. Nikalia mbele za watu, na sioni aibu kulisema. Domitila ndiye aliyesema, "Baba, mpe jembe."

Mzee akanipa jembe na chipukizi la mgomba. "Panda hapo mlangoni. Likishika nami nikiwa bado ninalala nyumba hii, urudi."

Nilipanda. Kila nilipopata nafasi nilipanda lori kwenda kulitazama, na njiani kila mara nilijiuliza kama ofisi yangu itanifanya mwongo. Lilipotoa jani la tatu, mzee akanipa binti. Domitila naye akatoa sharti lake: santuri ile isiingie nyumbani kwake.

Haikuingia. Nilihamishiwa Manyovu, nikarudishwa Kasulu, nikastaafu chini ya mkuu aliyezaliwa baada ya kinanda changu kufa. Nilidhani mambo yale yamekwisha.

Mwaka jana binti yetu, mwalimu wa Kiingereza, alikuja kutusalimia, na redio ikaupiga wimbo ule. Kabla sijafika kuzima, mke wangu alikuwa ameshaepua chungu. Alisimama nacho katikati ya jiko, hajui akiweke wapi.

Nikamuuliza binti yangu jambo ambalo sijawahi kumuuliza mtu. "Huyo bwana anasema nini hasa?"

Akasikiliza kidogo. "Anamwomba mwenzake asiondoke. Anasema, kaa, hapa ndipo nyumbani."

Mke wangu alinigeukia.

"Basi siku zile," akasema, "mngemwachia yeye aseme."

Akarudisha chungu motoni.