Maua Yasiyogeuka Kuni

Vitabu nilivyosoma juu ya kilimo cha maua huanza na udongo, mbolea na jua. Sikukuta hata kimoja kinachoanza na mwenye kiwanja. Sisi ilitulazimu kuanza naye, kwa kuwa tulikuwa wapangaji Mususa, mjini Butembo. Tulikuwa tumekimbia vita kutoka Mbau, tukaacha shamba la kakao, nyumba, na nyuma ya nyumba kaburi la binti yetu wa pekee.

Mwenye kiwanja, mjane aliyeishi ng'ambo ya ua, alisikiliza ombi la mke wangu huku akichambua maharage.

"Maua, panda," alisema. "Mais lakini kitu yenye inageuka kuni, hapana."

Sikushangaa. Kwetu mgeni huruhusiwa kupanda kinachovunwa kikaisha. Akipanda kinachodumu, amekwisha kutia mkono katika ardhi ya mwenzake, na wajukuu watagombana mbele ya chifu juu ya kivuli cha mti ambao mpandaji wake alikwisha kusahaulika. Sheria hiyo ni kali, nami naiheshimu. Mji uliofurika wakimbizi ungeisha kwa mapanga kama isingekuwapo.

"Na dalia, mama?" mke wangu aliuliza. "Iko na mizizi ya kubaki."

"Dalia ni ndugu ya kiazi. Kiazi tunachimba. Panda."

"Na waridi?"

"Waridi iko na kichwa nguvu. Ile hapana."

Tulikuwa na sababu ya kutaka maua mwaka mzima, na haikuwa fahari. Siwapendi watu wapandao maua ili wasifiwe na wapita njia. Jirani yetu, dereva Mwislamu, alikuwa akipeleka bidhaa Oicha kila barabara ilipotulia, na njiani hupita Mbau. Alikubali kuchukua maua yaliyofungwa katika jani la mgomba na kuyaweka juu ya kaburi. Lakini barabara haikutulia kwa kufuata majira ya mimea. Siku yoyote angeweza kusimama mlangoni na kusema anaondoka, na siku hiyo lazima ua liwepo.

Basi nilipanga bustani kwa kuichora ardhini kwa kijiti, kama nilivyozoea kuwachorea wanafunzi wangu. Zinia zingepandwa mvua za Machi zikianza, zichanue hadi mwanzo wa kiangazi. Kosmosi zingefuata Agosti, ili Oktoba na Novemba zisiwe tupu. Alizeti fupi zingechelewa kwa makusudi, zilipokee jua la Januari, na dalia zingeshikilia katikati. Uliobaki ni mwanya wa Juni na Julai, vumbi la Butembo linapofunika hata majani ya migomba. Mti wa waridi, wenye mizizi ya kutafuta maji chini, ungeuziba mwanya huo bila taabu. Sisi tuliuziba kwa maji ya kuoshea vyombo, tukimwagilia zinia zilizochelewa, moja moja.

Bustani ilitii. Dereva alizoea kucheka anapopokea mzigo wake.

"Mama Mwalimu, hii gari ni ya chumvi na sabuni. Sasa batu ya njiani banauliza bibi-harusi iko wapi."

"Bambie batu amelala, Papa," mke wangu alimjibu, na dereva hakucheka tena siku hiyo.

Kisha, Julai moja, alirudi akaketi uani bila kuombwa. Mjane alikuwepo, akianika muhogo.

"Mwalimu," alisema, "kule kwenu batu bamepanda kakao. Ya mupya. Kaburi bameizunguka tu."

Mke wangu aliuliza miche ilikuwa na urefu gani.

"Ya magoti."

"Na maua, uliiweka?"

"Niliiweka, mama."

Kakao si maharage. Huipandi mahali unapopita. Unaipanda mahali unapokusudia kuzikwa. Watu hao, nao pengine ni wakimbizi kutoka kijiji kingine, walikuwa wametamka kwa miche yao neno ambalo kwetu halihitaji shahidi. Nilitafuta katika yote niliyosoma fundisho la kumpa mke wangu. Niliyoyapata yalihusu subira, na subira humfaa mtu ambaye bado ana kitu cha kungojea.

Mjane aliacha muhogo wake. Alitoka nje ya ua, akarudi na kijiti cha waridi kilichokatwa kwa jirani mwingine.

"Mutoto yangu, kamata. Panda hapa kwangu, fasi unapenda."

Nilielewa kwamba alikuwa akitupa pole kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Mke wangu alielewa pia, ndiyo maana mikono yake ilibaki mapajani.

"Aksanti, mama. Mais nikipanda hii hapa, ni kama nimebaachia kule. Mutoto atabaki na nani?"

Mjane alikwenda mwenyewe na kijiti chake karibu na ukuta wa jiko, akachimba kwa kisu cha muhogo, akakipanda na kukikandamiza kwa kisigino.

"Donc basi ni yangu," alisema. "Wewe utakatanga maua tu."

Mke wangu alikaa hadi dereva alipoaga, akamwuliza lini atapita Mbau tena. Dereva alisema hajui, labda wiki ijayo, kama barabara itakubali. Ndipo mke wangu aliponyanyuka, akachukua beseni la maji ya vyombo, akaenda kuzimwagilia zinia, moja moja.